Kitabu Kimoja, Visomeo Viwili

Jumatatu, Machi 18

Mume wangu! Naliandika neno hili, kisha nalitazama. Tumeoana juzijuzi tu — na Ijumaa Orrin anapanda meli ya madini. Barafu ya ziwani imeachia, mji mzima wa Duluth unashangilia, ila mimi! Huko katikati ya ziwa simu haishiki. Basi tumeahidiana: kila jioni tusome sura ileile ya kitabu kilekile, yeye kwenye kisomeo chake kikuukuu cha vitabu vya kielektroniki, mimi kwenye changu. Tutakuwa pamoja!

Vitabu vyangu vyote ni faili za epub. Kisomeo chake kinakubali faili za aina ya mobi tu. Nitavigeuza.

Jumatano, Machi 20

Nimegeuza vyote, nikafuta na faili za awali. Nilitaka maktaba ya wanandoa ipendeze — kila kitabu nakala moja!

Orrin akafungua riwaya yetu ya mlinzi wa mnara wa taa. Akauliza sura ya pili iko wapi. Haipo! Sura zimegandana, kitabu kizima utepe mmoja. Nikaigeuza tena iwe epub, nisome mimi — vilevile. Na ukurasa wake wa 90 kwangu ni wa 131. Tutakutana wapi?

Mama mkwe, Lorna, alileta supu ya mchele-mwitu wa huku ziwani. Akacheka: enzi zao wake wa mabaharia walifuma soksi na kusubiri. "Nyie mnataka mkeshe na kompyuta!"

"Mama, mwache mke wangu."

Mke wangu! Kwa neno hilo nitazirudisha sura zote, moja moja.

Alhamisi, Machi 21

Tangu staftahi tuko kazini. Yeye anatafuta mwanzo wa sura, mimi naweka alama ya kichwa cha sura.

"Ya kumi na mbili inaanza na mvua."

"Hiyo ya tisa, mpenzi. Humu mvua hainyeshi mara moja!"

Tumecheka mpaka machozi. Safari hii nimehifadhi nakala kabla ya kugeuza. Sifuti kitu tena!

Ijumaa, Machi 22

Kwangu sura zote zimetokea. Kwake zinaishia ya ishirini! Alama moja niliiruka. Nimeiweka, nageuza upya. Asilimia arobaini…

Lorna anapiga honi nje. "Meli haimsubiri bwana harusi!"

Orrin yuko mlangoni, begi begani. Nimemwambia aende, nitajua la kufanya. Anasema akichelewa watamzomea msimu mzima.

Asilimia sitini na mbili. Honi tena.

Ameketi kitandani, macho kwenye asilimia. Anafungua kamba za buti — mguu mmoja tu.