Esteri Katika Kioo cha Mwendokasi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kasulu, 27/10/2025, saa 4:15 asubuhi

Jina: Pasikali Niyubahwe. Umri: miaka 58. Kazi: mkulima na fundi baiskeli. Makazi: Kitanga, Kasulu.

Ninaeleza kuhusu mdogo wangu Esteri, ambaye mwaka 2014 nilitoa taarifa hapa kwamba amepotea.

Mnamo tarehe 18/10/2025 nilikuwa Dar es Salaam kwa matibabu ya macho. Bandeji ya jicho la kushoto ilikuwa imetolewa jana yake, na kila kitu kilikuwa na mwanga pembeni. Saa 3:20 asubuhi nilipanda basi la mwendokasi Mbagala Rangi Tatu kwenda mjini. Njia hiyo ilikuwa mpya. Unagusisha kadi getini, sakafu ya kituo iko sawa na mlango wa basi, unaingia kama unaingia chumbani kwako. Basi lina njia yake peke yake, halitikisiki. Nilihisi tumesimama, barabara ndiyo inapita.

Kituo cha tatu, basi la kutoka mjini lilisimama ubavuni mwetu. Dirishani alikuwepo Esteri. Sikuliamini jicho langu. Aliweka kiganja kwenye kioo. Mabasi yakaachana taratibu, bila kishindo.

Nilishuka kituo kilichofuata. Sikujua nirudi au nisubiri. Nilisubiri. Saa 4:05 alishuka mbele yangu kutoka basi la kwenda mjini; alikuwa amegeuza.

Alisema, "Musaza, umezeeka." Ndivyo dada anavyomwita kaka yake kwetu.

Aliuliza, "Mama?"

Nilimjibu, "Tulimzika mwaka 2019."

Mabasi mawili yalipita. Kisha akauliza, "Polisi uliwaambia nini?"

"Kwamba uliondoka bila ugomvi."

"Kaseme ukweli."

Ukweli ni kwamba nilimnyima sehemu yake ya shamba la baba. Nilimwambia mwanamke hana shamba kwetu, nikatupa nguo zake nje, mvua inanyesha. Mwaka 2014 sikulisema hilo. Naomba liandikwe.

Shamba hilo nimelipima Jumamosi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nusu ni ya Esteri. Anapoishi hakutaka nipataje. Kurudi hakuniahidi.

Nimesomewa niliyoyaeleza, ni maneno yangu, nayakubali.

Sahihi: P. Niyubahwe

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Koplo Tunu Saady. Nilimuuliza shahidi kama ana la kuongeza. Alisema mdogo wake amenenepa kidogo, na akaomba hilo nalo liandikwe.