Masuke ya Juu ya Moto

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Nimetwanga, nimechota maji, nimefagia. Mwanangu Neema amefika jana kutoka chuo kikuu. Amekonda. Katika kazi yake ya mwisho ya chuo anaandika tunavyotunza mbegu: masuke ya mtama yanatundikwa juu ya jiko, moshi uyapate, wadudu wasiyatoboe. Mwalimu wake anasema hayo hayamo kitabuni. Atakuja Ijumaa ajionee. Asiporidhika, Neema anaanza upya, mwaka umepotea.

Naogopa. Mimi niliishia darasa la nne.

Jumatano, 7 Septemba
Jiko letu jeusi. Masizi mpaka darini. Msomi aingie humu?

Ijumaa, 9 Septemba
Nimefanya ujinga. Neema alipokwenda barabarani kumpokea mgeni, niliteremsha masuke yote, nikayaficha chumbani, uvunguni. Nikapaka ukuta udongo mweupe. Nikaweka kopo la dawa ya wadudu ya dukani, nimeliazima kwa jirani, mama Yohana. Nilitaka mwanangu asiaibike.

Mwalimu ana mvi, lakini kaniamkia shikamoo. Akatazama juu. Hakuna kitu. Akatazama kopo. Akamwambia Neema kwa upole, "Unaona, hata mama yako ameachana nayo."

Neema akainamisha kichwa. Hakunilaumu. Hilo ndilo likaniuma zaidi.

Nikaenda chumbani nikayaleta masuke. "Kopo si langu, mwalimu. Niliona haya. Nilidhani wasomi hawapendi masizi."

Mwalimu akavuta kigoda, akafungua daftari. Akaniuliza: nachagua suke lipi? Nalitundika kimo gani? Miezi mingapi? Nikajibu yote. Akasema kwao nao walitundika, ila shule ya mkoloni ilimfundisha kuucheka moshi. Amechukua suke moja, atalipanda pamoja na mbegu za pakiti. Hakusema ndiyo.

Jumapili, 18 Septemba
Neema amerudi chuoni, barua bado. Kanisani sikusikia mahubiri. Mama Yohana ananiita profesa wa masizi. Nimecheka.

Jumapili, 2 Oktoba
Barua ya Neema. Suke letu limeota vizuri. Kazi imepita. Wanafunzi wapya watafundishwa habari hii darasani, na mwalimu anataka jina langu liandikwe kwamba ndimi niliyeieleza. Jina kamili, siyo Mama Neema.

Najaribu hapa kwanza: Yunesi Chilewa.

Masuke yamerudi juu. Ule udongo mweupe umeshakuwa mweusi tena. Nimeuacha.