Mtego Uliohamia Dunguni

Katindiuka, Ifakara
18 Mei 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na Mama umfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishavaa miwani husikii mtu. Naomba barua hii ikukute dunguni ukiwa na nguvu, kifua kimetulia, na ndege wamekubakizia mpunga wa kuvuna. Mimi mzima. Mvua imepungua ila njia ya huku Katindiuka bado ni tope tupu, viatu ulivyoninunulia Pasaka nimevificha ndani na ninatembea na mabuti kama mvuvi.

Utajiuliza kulikoni niandike wakati simu ipo. Baba, simu yako unaijua mwenyewe. Ukipanda kwenye kile kichuguu chenye mtandao unaweka spika, na nusu ya kijiji cha Mofu inanijibu kabla yako. Mara ya mwisho aliyenijibu ni jirani yetu Sayi, ng'ombe wake nawasikia wanalia nyuma, akaniuliza mimi ni daktari wa aina gani nisiyejua kuchoma sindano. Nilicheka, lakini nililopiga simu kulisema sikulisema. Hili la leo ni la kwako kwanza. Fredy anakuletea mkononi na nimemwonya asiifungue, ingawa mdogo wangu namjua. Kama bahasha imechanika pembeni, ni yeye.

Linahusu Novemba. Najua Mama ameshapeleka jina langu parokiani kwa misa ya shukrani, najua Sayi ameahidi dume lake jekundu, na najua wewe umeshasema kwa watu kwamba mwaka huu Mofu inapata daktari wake. Nitalifikia. Nivumilie nilipange kwanza, maana nikilitoa mwanzoni hutasoma kilichobaki.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu huwa unaniuliza na mimi huwa najibu harakaharaka. Sitibu mtu, wala sitibu mbu. Wale mbu mnaotukamatia wanasagwa hapa maabara, vinasaba vyao vinasomwa na mashine, na mashine inatoa maandishi marefu yasiyo na nukta wala aya. Mimi kazi yangu ni kuyaingiza kwenye kompyuta na kuiandikia maelekezo iyalinganishe, mbu wa kijiji cha Sanje na mbu wa Mofu kwetu, wa kiangazi na wa masika, nijue nani ndugu wa nani na nani amebadilika. Hiyo ndiyo bioinfomatikia, na ndiyo shahada yangu ya udaktari wa vitabuni. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inasahau kila kitu na mimi naanza upya. Nimetukana shirika la umeme mpaka mwenzangu wa maabara, Rosemery, akaniambia niende nikaungame.

Unakumbuka mkutano ule tulipoleta mitego ya taa kijijini. Watu walikataa. Mmoja akasema taa zile zinavuta wachawi, mwingine akasema zinanyonya damu za watoto. Ukasimama wewe, na sauti yako ile ya ukatekista, ukasema mtego wa kwanza utatundikwa kwako, kwa Theodori, na kwamba maadamu unapumua, wiki haitapita bila taa ile kuwaka. Nilikaa pale mbele najifanya mtaalamu, lakini Baba, nilijisikia mtoto wa mtu. Nikawaeleza wote masharti: mtego utundikwe karibu na chandarua alimolala mtu, kwa sababu mbu anafuata mtu, hafuati taa peke yake. Nyumba tupu haina mbu wa kunisaidia. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Basi, mwaka jana ulipoisha niliona jambo. Mbu wa nyumba yetu, wale wa kiangazi, walikuwa wamoja na mbu wa vijiji vingine. Wa masika walikuwa tofauti kabisa, na walikuwa na alama za kuvumilia dawa ya vyandarua. Nyumba ileile, chumba kilekile, miezi michache tu, na mbu wamegeuka. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Hazikubadilika. Msimamizi wangu, Profesa Obed, ambaye huwa hata salamu anaitoa kwa kubana, aliita wenzake waje waone kwenye skrini yangu. Akasema hiyo ndiyo sura itakayobeba tasnifu yote. Niiwasilishe Juni, Novemba nivae joho. Chuoni nako kulikuwa na nafasi ya kufundisha inayonisubiri, sharti niwe na shahada mkononi mwaka huu.

Nilifurahi, sikufichi. Nilipita sokoni nikanunua kitambaa cha gauni la Novemba.

Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo, kuonyesha hao mbu wa masika wameshiba damu ya nani. Kompyuta ikajibu mtu, mtu, ng'ombe, mtu. Halafu ikajibu kiboko.

Baba, kiboko! Kwenye chumba chako na Mama! Rosemery alicheka mpaka akashikilia meza, akaniuliza kama nyumbani kwetu tunafuga kiboko chini ya kitanda. Nami nikacheka, nikasema sampuli zimechafuliwa, nikarudia. Kiboko tena, na mwingine, na mwingine. Wa kiangazi hakuna hata mmoja. Wa masika tu.

Rosemery akanishauri niwaondoe. Hakuwa na nia mbaya. Katika kazi yetu kusafisha data ni jambo la kila siku, sampuli zenye mashaka zinatupwa na hakuna anayeuliza. Nikawa nataka kufanya hivyo, mkono umeshafika. Lakini nikawa najiuliza kiboko anapatikana wapi pale kwetu, na jibu lilikuja lenyewe. Hapatikani kwetu. Anapatikana shambani, anatoka mtoni anakula mpunga, na wewe unamgongea debe kutoka juu ya dungu.

Nikampigia Fredy. Nikamuuliza, masika mkihamia shamba, mtego unabaki na nani nyumbani. Akanishangaa. Akasema ubaki vipi wakati nyumba imefungwa na hakuna mtu anayelala mle? Akasema Baba anaubeba mwenyewe, ameufunga kwenye kanga ya Mama usilowe, betri anaishika mapajani kwenye mtumbwi, na kule dunguni anautundika karibu na chandarua chenu kama mlivyoambiwa. Vikombe vya mbu anampa Shangazi Kandida kila anapokwenda kijijini na samaki wake, na gari letu la maabara linavichukua barazani kwa Shangazi. Fredy akaongeza kwamba mwaka ule maji yalipopanda ulivua shati ukaufunika mtego, ukanyeshewa wewe.

Nikamshukuru, nikakata simu. Nililia, Baba. Nililia chooni ili Rosemery asinione, na sikujua hasa nalilia nini, Novemba yangu au lile shati lako.

Ndiyo hivyo. Mbu hawakugeuka. Walikuwa mbu wa mahali pawili, wa nyumbani na wa mtoni, na mimi niliwaandika wote kwa nyumba moja.

Sasa nakujua. Hapa umeshavua miwani. Unataka kumwita Mama umwambie umemharibia mtoto masomo, na leo ugali hutaugusa. Tafadhali vaa miwani uendelee. Hukuniharibia kitu. Uliahidi wiki haitapita, haikupita. Nilikwambia mtego ukae na aliyelala, ulikaa naye. Aliyesahau ni mimi. Mimi niliyezaliwa Mofu, niliyejifunza kusoma juu ya dungu nikiinga ndege, nimekaa darasani miaka yote hii mpaka nikaja kuwauliza wazazi wangu mbu wa masika wa nyumba ambayo masika haina mtu. Profesa Obed si wa bondeni, yeye ana udhuru. Mimi sina.

Utasema basi ningenyamaza. Nilitaka. Viboko wale ningewatupa, sura ingebaki nzuri, na waliojua ni mimi na Rosemery tu, na Rosemery angenitunzia. Lakini Profesa alishanieleza kazi ya sura ile. Wanaopanga upuliziaji wa dawa majumbani wanaisubiri. Wangesoma kwamba masika nyumba za Mofu zina mbu sugu, wangeleta dawa mpya ya gharama, wangepulizia kuta za kijiji kizima masika, na nyie wote mko mtoni. Wangepulizia nyumba ambazo hamlali. Nikakumbuka Mama alivyougua mwaka juzi. Homa ile hakuipatia nyumbani. Aliipatia dunguni, tukamvusha kwa mtumbwi ameshaanza kuweweseka, na mimi nikiwa nimemshika kichwa naapa kwamba masomo yangu yatakuwa na faida kwake. Sasa ningevaaje joho lile halafu nije nimwamkie?

Kwa hiyo nilisema. Wiki mbili zilizopita niliitisha kikao na wasimamizi wangu wote, nikawaonyesha viboko. Hakuna aliyecheka. Profesa Obed akasema tuandike kwamba mwenye nyumba alikiuka maelekezo, sura iondolewe kwa sababu hiyo, na mimi nibaki sina doa. Nikakataa. Nikamwambia mwenye nyumba hakukiuka neno hata moja, maelekezo ndiyo yalikuwa mabovu. Mama mmoja katika kikao, mgeni, akauliza kwa upole mwenye nyumba huyo ni nani na kwa nini abebe mtego mpaka mtoni wakati angeweza kuuzima tu na kupumzika. Nikajibu kwamba ni baba yangu, na kwamba aliahidi mbele ya watu.

Basi wakainamisha macho kwenye karatasi zao. Aibu sikuisikia, Baba, hata kidogo.

Jambo lenyewe ni hili sasa. Novemba sivai joho. Sura imeondolewa, kazi ya kukamata mbu inarudiwa masika ijayo kwa utaratibu mwingine, na tasnifu itasubiri mwaka mzima, labda na zaidi. Nafasi ya chuoni amepewa mwingine, jana nimeambiwa. Nimeumia, sitakudanganya, jana yote sikula. Leo nimekula. Mwambie Mama amwone paroko kwa utaratibu, aseme misa imesogezwa, asiseme imefutwa. Sayi mwambie dume lake alirudishe machungani lizidi kunenepa. Atanitania sana, najua, mwache anitanie. Mwambie daktari wake wa mbu amefelishwa na kiboko, atapata la kusimulia mnadani.

Na wewe ukiulizwa, usinikingie kifua. Sema ukweli kama ulivyo, kwamba mtego ulikuwa mtoni na mwanao alidhani uko nyumbani.

Fredy amekuja na mzigo mwingine kwenye pikipiki, umefungwa kwa mfuko wa salfeti. Ni mtego wa pili na betri yake. Huo ni wa nyumbani, na yeye mwenyewe amekubali kulala pale msimu ujao chumbani kwenu, ingawa analalamika kwamba mtapata mpunga wote bila yeye. Tutawaweka mbu wa nyumbani na mbu wa mtoni kila mmoja mahali pake, tuone ni dawa gani inawaua hao wa kwenu mtoni. Mwezi wa kwanza nakuja mwenyewe na chandarua changu. Nitafutieni kona dunguni, miaka mingi sijalala huko, nimesahau hata usiku wa kule unanukaje.

Msalimie Shangazi Kandida, mwambie samaki aliowatuma wamefika wakiwa wazima ila mmoja ameliwa na Fredy njiani. Msalimie Mama mara ya pili, na umsomee barua hii yote bila kuruka, hasa pale penye kanga yake. Kifua kikianza tena usinywe majani ya Sayi, nenda zahanati.

La mwisho, Baba, maana nakujua kuliko unavyojijua. Ukimaliza kusoma utainuka, utaufungua ule mtego kwenye kamba, utaufunga kwenye kanga ili kesho uuvushe kuurudisha nyumbani, usahihishe kosa. Usiuguse. Uache hapo hapo ulipo, na jioni uuwashe kama ulivyoahidi.

Ni mimi binti yako,
Noela Theodori