Walinzi Sita wa Meli Yetu

Jumatatu, 4 Machi
Bado tumetia nanga nje ya mlangobahari. Ndani kuna lile kundi la boti za kasi na maroketi, linaloteka meli za mizigo. Huku nje manowari zinajiandaa kulipiga. Katikati mimi, mpishi, na supu yangu ya dengu.

Kapteni kaja na wazo: tutengeneze walinzi bandia! Ovaroli zimeshindiliwa matambara, mipini ya fagio imepakwa rangi nyeusi, ndiyo bunduki. Na kofia za chuma? Sufuria zangu! Nimelalamika weee, nani anisikilize.

Jumanne, 5 Machi
Wako sita, wamepangwa ukingoni. Kwa mbali wanatisha kweli. Fundi wa injini kapita akampigia mmoja saluti — nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mama watoto kapiga simu. Eti ulinzi upo? Nikamwambia upo, tena wa kutosha. Mungu anisamehe.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Kapteni katangaza redioni, kifua mbele, kwamba tuna walinzi sita wenye silaha nzito. Alitaka wale jamaa wasikie, maana redio yetu wanaisikiliza. Na wanajeshi nao wakasikia! Wakajibu: hongereni sana, basi nyinyi piteni wenyewe, manowari zitasindikiza meli zisizo na walinzi. Shambulio ni kesho.

Nikamwambia, "Kapteni, si uwaambie ukweli tu?"

Kanitolea macho. "Redioni? Ili na wale wausikie?"

Naogopa, jamani. Leo supu yangu hakuna aliyeigusa, hata mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Mizinga inalia tangu alfajiri. Manowari zinapiga maficho yao ufukweni, na sisi tunapita nyuma kabisa, peke yetu. Kapteni kasema walinzi wetu hawatikisiki, watashtukiwa. Lazima mtu hai asimame nao, ajisogezesogeze. Macho yote kwangu. Wakasema, si sufuria ni zako!

Naandika nimechutama nyuma ya mlinzi wa mwisho, angalau mkono upate kazi.

Boti imechomoka kwenye moshi. Inakuja huku! Kapteni anafoka kwenye kipaza sauti: mpishi, inuka, sogea!

Nimeinuka. Sufuria kichwani, fagio kwapani, daftari mkononi. Boti imepunguza mwendo, mmoja wao anatukagua kwa darubini. Kapteni tena: sogea, wewe! Nataka, wallahi nataka. Miguu imegoma.

Sasa tuko saba, na hakuna hata mmoja anayetikisika.