Mgomba wa Michel

Kigoma, Jumapili, 4 Juni 2023

Mwanangu mpendwa Aimée,

Nakuamkia kwa jina lake Yeye aliyekuvusha ziwa salama. Kichefuchefu cha meli kimekwisha? Umepata pa kulala hapo Kalemie? Mimi sijambo, isipokuwa miguu huvimba ikifika alasiri, na daktari amelitamka tena lile neno tulilokubaliana, wewe na mimi, kwamba hatutalitamka.

Unajua nilichokutuma. Nataka kurudi Kabambare nikiwa hai, niingie kijijini kwa miguu yangu, niketi mbele ya mama yangu kama Mungu bado amemwacha hai. Vita vilinitoa bila kuaga. Barua nilizowapa wasafiri hazikujibiwa, na mtu aliyepotea muda mrefu hafiki mlangoni bila kupiga hodi. Wewe ndiwe hodi yangu.

Andika kwa kalamu, piga picha karatasi, uitume mtandao ukipatikana. Sauti ya simu hukatika, na nchi ile haielezeki kwa sentensi zilizokatika.

Umezaliwa huku, kwa hiyo nikufundishe kwenu. Katika njia ya Kongolo kwenda Kasongo, usimharakishe dereva. Ataharakishwa na njia yenyewe ikikubali. Kasongo utawasikia waadhini na kengele ya misheni wakipokezana asubuhi, na hakuna atakayekuambia uchague. Ukifika Nyangwe, ingia mtumbwini, uguse maji. Sisi hatusemi “mto”. Tunasema Lualaba, kama anavyotajwa mtu wa nyumbani.

Ukimkuta mama yangu, mwambie yeye kwanza kwamba ninarudi, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ni mimi baba yako,
Michel


Kasongo, Jumatatu, 19 Juni 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Unameza dawa, au unamhutubia tu daktari? Mimi ni mzima, ila vumbi jekundu limeniingia mpaka kwenye kurasa za Biblia.

Kutoka Kongolo nimeletwa na Dominique, kijana wa pikipiki ambaye hachoki kunicheka. Nilipomwomba apunguze mwendo, alisema, “Dada, weye unasema Kiswahili ya radio. Sema pole pole, pikipiki yangu haikusoma.” Tulipishana na wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba madumu ya mawese, wameinama hadi vichwa vinagusa mzigo. Daraja uliloniambia ni la chuma sasa ni magogo mawili. Shule yako ya zamani ina kuta, lakini bati limekwenda. Nasikitika kukuandikia hayo. Uliniagiza nieleze nchi, na hii ndiyo niliyoikuta.

Waadhini na kengele, hayo ulisema kweli. Nilikwenda Nyangwe pia. Mvuvi mmoja alinipakia bila kuniuliza jina, nikatia mkono Lualaba. Maji yalikuwa vuguvugu, mazito, ya rangi ya chai. Nilitaraji kuhisi kitu kikubwa. Nilihisi maji, Baba. Kisha mvuvi akasema, “Unaigusa kama unasalimia mutu,” nikautoa mkono.

Nimepanga kwa Mama Anastasie, muuza mchele sokoni. Jana, mbele ya wenzake, aliniuliza, “Weye iko mutoto ya nani?”

Nikasema, “Ya mwalimu Michel, wa upande wa Lusangi.”

“Michel gani? Njo ule wa mugomba?”

Wenzake wakageuka kunitazama. Mmoja alinishika mkono, akaushikilia kidogo, kama anayetaka kujua una joto. Nilipouliza mgomba gani, Mama Anastasie alifunika chungu akasema sombe, kisamvu chao, inaungua. Haikuwa inaungua.

Kesho naelekea kijijini. Nifafanulie: mgomba gani?

Binti yako,
Aimée


Kigoma, Jumatano, 21 Juni 2023

Mwanangu,

Salamu zangu zikukute kabla hujapanda pikipiki. Kama bado uko Kasongo, subiri kidogo.

Nimekaa na barua yako tangu jana. Ingekuwa heri nikueleze tukiwa mezani.

Kwetu, mtu akipotea na mwili wake usionekane, familia haiwezi kumlilia milele. Hukatwa shina la mgomba lenye urefu wa mtu, huvishwa nguo yake, likazikwa kama yeye. Watu hulia, hunyoa nywele, hufunga matanga. Tangu siku ile yeye ni marehemu. Hawakunitupa, Aimée. Wamenizika kwa heshima. Nami nawashukuru.

Kwa hiyo barua zangu hazikujibiwa. Nani hujibu barua ya marehemu?

Lakini iko njia. Aliyeuzika mgomba huufukua kwa mikono yake na kuutupa kwenye maji yaendayo. Hapo mtu huingia kijijini kama kawaida. Akiingia kabla ya hapo, husemwa kaburi lililodanganywa litamchukua mwingine wa ukoo. Hilo wanaliamini, na mimi, niliyesoma, sitasimama mbele ya watoto wao nijaribu kama ni kweli.

Wakusanye, usome haya kwa sauti:

“Ndugu zangu, dada yangu mkubwa Régina, mdogo wangu Magloire, na ninyi mliozaliwa nikiwa sipo. Mlinililia, nanyi hamkukosea. Siwadai chochote, si shamba, si nyumba, wala sababu. Ninaomba jembe moja na asubuhi moja. Fukueni kile mlichokiweka mahali pangu, ili mahali pangu paniruhusu nipite.”

Soma polepole. Usilie unaposoma.

Baba yako


Kasongo, Alhamisi, 20 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta bado niko Kasongo, nikaenda nayo. Najua umesubiri. Kijijini hakuna mtandao, na hata nilipofika Kasongo nimekaa na karatasi tupu kabla ya kuandika. Keti kwanza, kama umesimama.

Njia ya Kabambare ni ndefu na ya huzuni. Lusangi vijana wamechimba kando ya mashamba ya karanga wakitafuta madini. Mashimo yamejaa maji ya kijani, na hakuna anayeyafukia. Lakini kila tulipolala tulipewa mkeka, na kila aliyetupa mkeka aliomba radhi kwamba si godoro.

Walikusanyika kwenye barza, kibanda cha mikutano ya kijiji. Nilisoma polepole. Sikulia. Nilipomaliza, baba mdogo Magloire akasema, “Ni yeye. Hakuna mutu mwingine anasema namna hii. Hata akiomba chumvi, anasimama kwanza.” Wakacheka wote, Baba, wakacheka hadi machozi, na mimi nikadhani tumeshinda.

Shangazi Régina peke yake hakucheka. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, mwanamke mzee vile, akaweka mikono yake magotini pangu.

“Mutoto yangu, ule mugomba miye njo niliuzika. Mikono hii. Nilimuvalisha koti yake ya shule. Ningeufukua leo, hata kwa kucha. Lakini mama iko humo.”

Sikumwelewa. Ikabidi aniambie tena. Bibi alikuwa akienda kuketi kwenye kaburi lako kila jioni, akipalilia. Alipokaribia kufa alisema wasimchimbie lingine. Mwanawe amelala peke yake muda mrefu. Wakalifungua, wakamlaza juu ya mgomba, na mkono wake wakauzungusha kwenye koti.

Baba mdogo alisema, “Tumufungue mama, tumutupie mutoto yake mu maji? Nani atashika jembe ile?” Nami nilitazama chini.

Wamekata shauri. Baba mdogo anakusalimu, na haya ndiyo maneno yake: “Hatumukatai. Tunamupenda. Asiingie tu.”

Nisamehe niliyekuletea habari ya Bibi kwa karatasi.

Binti yako


Kigoma, Jumatano, 2 Agosti 2023

Mwanangu Aimée,

Hujambo? Umekula? Usiombe msamaha; nilikutuma hodi, na hodi haichagui jibu.

Nimemlilia mama yangu hapa, peke yangu, kwa adabu, nisiwasumbue majirani. Lile koti lilikuwa la kijivu. Mfukoni mwake mlikuwa na chaki. Sijui kama waliitoa.

Magloire amesema haki. Ningekuwa mkuu wa ukoo, ningeyasema hayohayo, ila ningechukua muda mrefu zaidi. Sitaomba mama afunguliwe. Kama kitu kimoja tu kimenifurahisha katika habari yako, ni kwamba hakulala na mgomba, kwa jinsi alivyojua yeye. Alilala na mimi.

Lakini sikubali kufia huku. Kasongo si ardhi ya kijiji chetu. Kule sina kaburi. Nitakuja hadi Kasongo. Mwombe Dada Régina aje sokoni, nami nitakuwa pale kwa Mama Anastasie. Hatutaitana ndugu, kaburi lisisikie. Aniulize mimi ni mgeni wa wapi, nami nitamjibu natoka mbali. Nitakuwa nimeisikia sauti yake, naye yangu. Mengi zaidi siyahitaji.

Daktari hataki. Nimemhutubia.

Baba yako


Kasongo, Jumanne, 15 Agosti 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Ukurasa huu nimeuandika mara mbili. Wa kwanza ulisema usije. Nimeuchana.

Nilirudi kijijini kumpelekea Shangazi ombi lako. Alinisikiliza huku akichambua mchele, kisha akasema, “Sawa. Nitamuita mugeni. Lakini mugeni anakula. Waambie wasimupikie, nitapika miye.” Usiku nilimsikia akijizoeza nyuma ya nyumba: “Karibu, mugeni. Unatoka wapi, mugeni?” Kila alipofika kwenye neno hilo alikohoa.

Tumeshuka naye Kasongo. Kila asubuhi huenda sokoni, huchagua samaki wa Nyangwe, humwambia Mama Anastasie samaki huyu ni mdogo kwa mtu anayetoka mbali. Mama Anastasie humjibu, “Basi uende umuvue mwenyewe!” Wamekuwa marafiki.

Dominique atakungoja Kongolo. Nimemwonya kwamba abiria wake atampa somo njia nzima. Amesema yeye atakupa la kupanda pikipiki, mtalipana.

Pumzika katika kila kituo. Nakusihi.

Binti yako


Kongolo, Jumapili, 3 Septemba 2023

Mwanangu,

Amani kwako na kwa mpishi wako. Ziwa nimelivuka. Treni na lori zimenichosha, na naandika kwa ufupi kwa kuwa pumzi ni fupi.

Kijana Dominique amezisikiliza salamu zangu, akauliza, “Papa, na weye ni wa radio ile ile?” Nilijaribu kumjibu kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu. Maneno yalikuja yamechakaa, lakini yalikuja.

Nchi uliyoniandikia ndiyo hii: magogo, vumbi, mashimo. Nilikufundisha ile niliyoikumbuka, nawe umenifundisha iliyopo. Naikubali. Leo asubuhi niliomba nipelekwe Lualaba, nikanawa uso. Ulisema ni maji. Ni kweli. Lakini yamenipoza.

Kesho tunaondoka. Mwambie yule mama anayechagua samaki asinunue wakubwa. Mgeni hali sana siku hizi.

Baba yako


Kijijini, Jumapili, 24 Septemba 2023

Baba yangu,

Sikuulizi hali. Barua hii haitapigwa picha. Nimesimama kando yako kuisoma kwa sauti, mbele ya nduguzo wote, polepole, kama ulivyonifundisha.

Uliniomba niieleze nchi yako. Sehemu iliyobaki ni hii.

Dominique alituambia kwamba siku ya pili ya safari uliomba mteremke kivulini. Ulimuuliza kama ng'ambo ya kilima kile tayari ni wilaya ya Kasongo. Akasema ndiyo. Ukasema, “Basi nimefika mahali ninaporuhusiwa,” ukaegemea mzigo wako. Alidhani umelala.

Walikuleta kwa gari la misheni hadi uani kwa Mama Anastasie. Wali ulikuwa tayari umepakuliwa. Shangazi Régina alikuja na kitambaa mkononi, akakutazama. Nilijua neno alilojizoeza kusema. Hakulisema. Sasa hapakuwa na kaburi la kudanganya. Alishika uso wako akasema, “Mudogo yangu. Mudogo yangu. Mudogo yangu.” Alisema hivyo mpaka wali ukapoa.

Tulipokuleta hapa, baba mdogo Magloire alikuja kukupokea mwanzo wa njia, ile njia kuu. Hakuna aliyetuzuia. Uliingia ulikotaka kuingia, mabegani mwa wanaume waliolisikia jina lako utotoni mwao. Hawakumfungua Bibi. Wamekuchimbia ubavuni pake, upande wa koti.

Lakini hakuna aliyelia, Baba. Nilingoja vilio, nikasikia majembe tu. Nikadhani wamekuchoka, nikaona hasira, nikamuuliza Shangazi kwa nini.

Alinivuta pembeni. Alikuwa ameziba midomo kwa kitambaa. “Mutu hapana kuliliwa mara mbili. Tulishamulilia, tukafunga matanga. Tukilia tena, tunaita mwingine. Koo yangu inanichoma, mutoto, lakini nimefungwa.” Kisha akanisukuma mbele ya watu wote. “Weye haukuwako siku ile. Machozi yako ungali nayo. Lia weye. Lia kwa nguvu, sisi tusikie.”

Nikalia, Baba. Mimi wa Kiswahili cha redio, niliyezaliwa ng'ambo, nisiyejua hata wimbo mmoja wa msiba wa kwenu. Nililia bila maneno, nao wakasimama nyuma yangu, ukoo mzima, vinywa vimefungwa. Kila nilipopungukiwa pumzi, Shangazi alinigusa mgongo, nami nikaanza tena.

Binti yako,
Aimée