Kanda ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Kanda tatu leo. Mgongo unauma, masikio yanavuma. Kanda mpya hazipatikani tena, kwa hiyo hapa redioni tumeambiwa muziki wote wa kigeni ufutwe na kanda zirekodiwe hotuba. Lakini kila moja lazima isikilizwe mpaka mwisho kwanza. Mafundi wa zamani walikuwa na tabia ya kubandika hotuba mkiani, pale palipobaki nafasi, na Mzee Vuai, fundi mkuu wetu, hataki kufuta hotuba ya mkubwa kwa bahati mbaya. Nani anataka? Basi mimi Rukia nivae hedifoni nisikilize.

Hizi ni ishirini na sita, zilikutwa dukani kwa Mgoa mmoja wa Shangani aliyehama. Zilirekodiwa Nairobi, ukumbini, mahipi wakipiga na watu wakiwa mbele yao. Zina miaka mitatu, minne. Gitaa moja linalia robo saa nzima na hakuna anayeimba. Likichoka linakoroma. Watu wanashangilia kana kwamba wamegaiwa kitu. Nauchukia muziki huu.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimefika ya kumi na moja. Gitaa linakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Siku hizi sisikilizi gitaa, nasikiliza watu. Katika ya tisa kuna mwanamke anakohoa karibu na maikrofoni. Nilimngojea akohoe tena mpaka kanda ikaisha. Kijinga. Lakini nilisikitika alipopita juu ya sumaku ya kufutia pamoja na wengine wote.

Foleni ya mchele ilikuwa mpaka kona. Mama akapakua sahani tatu, nasi tuko wawili. Ya tatu ni ya kaka yangu Nassor. Anaifunika kwa kawa, anaiweka juu ya kabati. Asubuhi nakila mimi hicho kiporo.

Miaka sita sasa. Jioni ile Mama alimwuliza kutoka jikoni, "Ushakula?" Kwetu mtu hatoki nje bila kujibu hilo. Nassor alitoka. Akavuka kwenda bara bila kibali, na gitaa la kuazima. Tukahojiwa wiki nzima. Barua mbili mwaka wa kwanza, kisha kimya. Hatujui kama yu hai. Mama bado anaweka sahani kwa sababu hakujibiwa. Mara nyingine namkasirikia Nassor kwa ajili ya ule wali tu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kanda ya kumi na saba. Boksi limeandikwa Nairobi, Desemba 68.

Wimbo wa pili unakwisha. Makofi. Mtu anasafisha koo mara mbili. Halafu anasema, kwa sauti ya kucheka kidogo:

"Mama, nshakula. Usiniwekee."

Watu wakacheka bila kuelewa. Ngoma zikaanza.

Ni Nassor. Nilivua hedifoni nikaenda chooni nikakaa huko.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimeirudia mara nne. Baada ya maneno yale gitaa linaanza chini kabisa, polepole, kisha linapanda, linageuka, linarudi, linatafuta kitu halikipati. Ni yeye anayepiga. Sikujua kama anaweza hivi. Jana ningeita kelele. Leo nililia, na si kwa sauti yake tu.

Nataka Mama aisikie. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Sijui namna. Nyumbani hatuna mashine, na begi langu linapekuliwa getini kila jioni. Nikimwambia tu, ataniuliza kwa nini sikuileta. Na jina la Nassor likitajwa hapa kazini, maswali yataanza upya.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mzee Vuai anataka zote ziwe zimekwisha futwa kufika Ijumaa. Nimefanya jambo baya. Nimeitia kanda ya kumi na saba ndani ya boksi la kisomo cha Kurani. Hayo hakuna anayeyagusa kwa sumaku. Kanda ya kisomo nimeifunga kitambaa cheupe nikaiweka rafu ya juu kabisa, isilaliwe na kitu. Nilitawadha kwanza. Astaghfirullah. Najua kutawadha hakufuti.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nilimwambia Mama aje aone ninapofanya kazi. Wakati wa sala ya Ijumaa vyumba vinakuwa vitupu, ingetosha dakika tano. Akavaa buibui lake zuri. Getini askari wa zamu alikuwa mgeni, kutoka Makunduchi. "Shikamoo, bibi," akasema, "lakini bila karatasi haingii mtu." Nilimbembeleza. Hakutikisika. Mama akaniambia njiani nisione haya, kazini kwangu pazuri hata kwa nje.

Nilikuwa nimekaribia kumweleza. Nikakosa moyo.

Jumatano, 20 Oktoba

Siku nzima foleni. Mzee Vuai alinipa ruhusa. Kilo mbili tu, na mchele una mawe. Jioni watoto wanapiga kelele barazani: mwezi umeandama. Mimi nilitarajia kesho.

Alhamisi, 21 Oktoba

Kufunga mosi.

Saa kumi alasiri nilikwenda kabatini. Maboksi ya kisomo hayapo. Yote. Kila Ramadhani yanapandishwa studio kwa mkupuo, mwezi ukiandama tu, yapigwe kila jioni kabla ya magharibi. Miaka mitatu nimeyapandisha mwenyewe kwa mikono yangu. Nimekaa na hofu ya sumaku siku kumi na sikuikumbuka Ramadhani.

Orodha ukutani ilionyesha boksi la leo. Lile lile. Saa kumi na moja u nusu, kisiwa kizima kikisubiri kufuturu, lingetoka gitaa la mahipi.

Nilisimama kwenye ngazi. Naandika ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Mama wakati huo huwa amekaa mbele ya redio, tende kwenye kisahani, mkono kwenye kitufe. Nikikaa kimya, angemsikia. Wimbo wa tatu labda usingefika, wangekata mapema. Lakini labda wangechelewa. Nilitamani. Nilihesabu dakika za nyimbo mbili za mwanzo. Zilikuwa kumi na tisa.

Halafu nikamsikia Bwana Khamis mtangazaji anafanya mazoezi ya sauti huko juu. Ana watoto saba. Wangemchukua yeye kwanza.

Nilikwenda kwa Mzee Vuai nikamweleza yote. Hakupaza sauti. Alipanda, akashuka na boksi, akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka pale. Alirudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena.

"Ndugu yako?"

"Naam."

"Wapi kisomo?"

Nikamwonyesha rafu. Alifungua kitambaa, akaitazama kanda, akaipeleka juu mwenyewe. Aliporudi alikaa.

"Mwanangu, hii nikiiacha, tumekwenda sote. Nifute mimi?"

Nikasema hapana. Kama lazima ifutwe, basi kwa mkono wa mtu wa kwao. Niliizungusha juu ya sumaku mara tatu, kama nilivyofundishwa. Haichukui hata muda wa kusema jina lake na la baba. Nikaipiga kuhakikisha, maana ndiyo sheria. Ilitoa uvumi tu.

Mzee Vuai hataniandika ripoti. Nilitaka kumchukia na sikuweza. Najichukia mimi, kwa wasaa niliokuwa nao na sikuutumia.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimemwambia Mama. Baada ya kufuturu, kabla hajapakua wali. Nikasema nimemsikia Nassor kwenye kanda kazini, na kanda hiyo haipo tena. Nilingoja anipige au alie.

Aliniuliza, "Kasema vipi?"

Nikamwambia. Akasema, "Si hivyo. Sema kama alivyosema yeye."

Nikasafisha koo mara mbili. Hapo tu akashika ukuta. Nikayasema maneno yale kwa kile kicheko chake, nikarudia, nikarudia tena. Mara ya tatu Mama alikuwa anatikisa kichwa polepole, macho yamefumba. Akataka na muziki uliofuata. Nikauimba kwa mdomo, lile gitaa, lilivyoanza chini na kupanda. Sauti yangu mbaya. Alisikiliza mpaka nilipokosa pumzi.

Hakuniuliza ilikuwa lini. Sikumwambia.

Kisha akaenda kulala bila kupakua. Sufuria ilikaa na wali wake mpaka daku.

Jumanne, 26 Oktoba

Kanda ya kumi na saba imerudi leo kwa ukaguzi. Sasa ina hotuba juu ya zao la karafuu, dakika arobaini. Niliisikiliza mpaka mwisho kabisa, hadi mkia ukajizungusha wenyewe kwenye mashine. Hamna kitu. Nikaandika kwenye kadi: hifadhi.

Jioni Mama amepakua sahani mbili. Kawa amelitundika ukutani, karibu na ungo. Mkononi kwangu sahani ilikuwa nzito kuliko nilivyoizoea. Tulikula. Mama alimaliza wake wote, akaosha vyombo, akaniambia nipunguze redio.