Kengele ya Baba Hilda Imeshuka Msumarini

Mwaka mzima umetimia, Baba Hilda, bila mimi kusikia kengele ikishushwa kwenye msumari wa mlango wa jikoni kabla hakujapambazuka. Uliushika ulimi wake kwa kidole ili isiniamshe, lakini kila mara ililia kidogo, mara moja, kama kijiko kikigusa bakuli. Mimi nilikuwa macho tayari. Sikukuambia miaka yote ile, kwa sababu nilipenda kumsikiliza mtu anayejitahidi hivyo nisiamke.

Ulituacha Jumapili ya tarehe 4 Julai 1999. Ulitoka ibadani, ukala ndizi zako, ukasema unajinyoosha kidogo. Hukuugua, hukumsumbua mtu. Hata kuondoka uliondoka kwa kunyata.

Lakini leo hatukuandikii kwa machozi. Tuna habari njema, na zinakuhusu.

Unakumbuka ulivyorudi nyumbani mwaka 1992, ulipopunguzwa kazi kiwandani kule Moshi pamoja na wenzako. Ulikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini kati ya hiyo ulifanya kazi zamu ya usiku. Asubuhi ulikata majani ya ng'ombe, saa tatu ukawa umemaliza, ukakaa kwenye kigoda unatazama mikono yako. Usiku mwili ulikuwa bado unangoja king'ora cha zamu. Ulijigeuza kitandani mpaka nikakuambia, Baba Hilda, kama huwezi kulala, nenda kaangalie maji.

Ndivyo ilivyoanza. Ulipanda usiku kando ya mfongo wetu, ule mfereji unaotuletea maji kutoka msituni, mpaka kwenye banio lake kule juu, pale maji ya mto yanapokingwa yaingie mfongoni. Kukimbia ulifundishwa na baridi ya Julai. Ulisema ukitembea meno yanagongana, ukikimbia yanatulia. Majirani walicheka. Kule sokoni Kwa Sadala waliniuliza nimekufanyia nini hata unikimbie saa tisa za usiku. Wewe uliwajibu kwamba mimi ndiye niliyekutuma, na ilikuwa kweli.

Akaja Isack, mpagazi wa mlimani aliyetaka kuwa mwongoza wageni na alihitaji pumzi. Viatu hakuwa navyo. Ulimpa raba zako za mitumba, zile ulizozichagua nusu siku sokoni Moshi, ukakimbia msimu mzima na katambuga za matairi. Uliniambia katambuga hazitelezi. Niliona magoti yako yalivyochubuka, nikayapaka mafuta.

Akaja mwalimu Loveness. Watu walianza kusema maneno juu ya msichana kupanda msituni usiku na wanaume. Ulivaa koti lako la kanisani, tukaenda wote wawili kwa mama yake, ukamwomba ruhusa kama mtu anayeposa. Mama yule alikuuliza nani atamlinda mwanawe. Ulimwonyesha kengele.

Ilikuwa ya beberu wetu aliyekufa. Ukungu wa Julai ukishuka, tochi humulika weupe mtupu, mtu haoni hata mkono wake. Kwa hiyo uliweka utaratibu: wa nyuma kabisa abebe kengele, wa mbele asikilize. Ikinyamaza, wote wasimame. Na wa nyuma siku zote ulikuwa wewe. Nilipokuuliza kwa nini mzee unayeijua njia unakaa nyuma, ulisema walio mbele wana mwenzao wa kuongea naye, nyuma kuna giza tu, na giza wewe ulilizoea kiwandani.

Mkafika tisa. Halafu ikaja ile Julai ya 1995.

Usiku ule kulikuwa na manyunyu, na aliye mbele akataka kufupisha kona. Akakanyaga ukingo wa mfongo, wengine wakamfuata. Udongo uliolowa ukabomoka, maji yote yakamwagika migombani. Na maji ya usiku ule yalikuwa zamu ya Mzee Yoramu, msimamizi wa mfongo mwenyewe, aliyeisubiri siku nane.

Alikuja asubuhi, jembe begani, hakutaka kuketi.

"Elimringi, mtu mzima kama wewe unaongoza watoto kukanyaga ukingo? Kahawa yangu niinyweshe nini, jasho lako?"

Akasema Jumamosi atawaambia wazee waifunge njia ile, asipite mtu asiye na jembe wala zamu. Wewe uliyekuwa unacheka hata ng'ombe akimwaga maziwa, siku ile hukugusa chakula. Ulivuta kile kigoda ukakaa, na mimi nikauona mwaka 1992 unarudi kuketi pamoja nawe. Niliogopa, Baba Hilda. Niliogopa kuliko siku uliyoleta barua ya kupunguzwa.

Aliyekosea ukingo alikuwa Isack. Hukumtaja kwa Mzee Yoramu, hukumtaja hata kwangu. Aliniambia mwenyewe siku ya mazishi yako, akilia.

Siku ya pili mlifanya kazi tangu giza, wote tisa, kwa mawe na udongo na magogo ya migomba, mpaka ukingo ukawa imara kuliko ulivyokuwa. Kisha ulikata jani la sale kwenye mpaka wetu, ukalipiga fundo, mkaenda kwa Mzee Yoramu mkiwa mmejipanga na majembe, wewe mbele kwa mara ya kwanza. Kwetu anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe, hata kama moyo unamchoma. Loveness alinisimulia kwamba mzee alilitazama lile jani mpaka chai yake ikapoa.

"Nimelipokea," akasema. "Lakini miguu hiyo isipande bure. Kila mkifika juu, toeni majani na matawi kwenye banio. Msipotoa, nitajua, maana maji yataniambia."

Ulirudi unakimbia. Ulisimama pale mlangoni, matope mpaka kifuani, ukaniambia, "Mama Hilda, nimepata kazi." Sijawahi kukuona na sura ile, hata siku ya harusi yetu.

Kuanzia hapo wazee wa mfongo walilala usiku. Nyinyi mlipanda, mkasafisha banio, mkashuka kabla ya kukamua ng'ombe. Na kila ulipofika nyumbani uliwasha moto kwenye mafiga kabla sijainuka, ukaweka maji, ukatoka nje kupangusa viatu, ili nikiingia jikoni nikute joto. Hayo ndiyo ninayoyakosa zaidi.

Ulipoondoka, vijana wale ndio waliobeba jeneza. Baadaye nikangoja. Julai ikapita, Agosti ikapita. Kila usiku niliamka saa tisa nikasikiliza njia, kimya. Nikasema moyoni, basi, yameisha naye, vijana wana mambo yao. Unisamehe, niliwakasirikia kidogo. Kengele niliisugua kwa majivu kila Jumamosi nikairudisha msumarini. Nilishangaa tu kwamba maji ya mfongo hayakupungua, nikadhani wazee wamepangiana zamu.

Mwezi uliopita nikasikia fimbo uani. Mzee Yoramu, na miaka yake themanini na zaidi, amesimama na jani la sale mkononi. Nilishtuka, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza nani amekosa.

"Marahaba, Mama Hilda. Wamekosa watoto wako. Na wewe umekosa kidogo."

Akaketi safari hii, akanieleza. Vijana hawakuacha hata wiki moja. Waliona aibu kumwomba mjane kengele ya marehemu. Na waliogopa nikisikia miguu yao nitalia, kwa hiyo wakifika kwenye uzio wetu walivua viatu wakavishika mkononi, wakapita peku katika baridi ile, wakavivaa tena kwa jirani.

Baba Hilda, mwaka mzima. Wao wananyata nje ili nisiwasikie, na mimi ndani nimetega masikio nikiomba niwasikie. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Mzee Yoramu naye alicheka, akashika nguzo ya mlango asianguke. Wote hao umewafundisha wewe.

Kisha akaacha kucheka. Aliniambia kwamba juma lile ukungu ulimpoteza Loveness juu ya banio, na wenzake hawakujua mpaka wakajihesabu huku chini. Walimpata jua limeshatoka, amekaa chini ya mti akitetemeka. Yeye ndiye aliyekaa nafasi yako ya nyuma, bila kengele.

"Mimi pia naitaka," mzee akasema. "Zamani nilikuwa nikiamka naisikia, najua maji yapo, nalala tena. Sasa naamka tu."

Sikungoja anikabidhi lile jani. Niliishusha kengele mwenyewe. Kidole changu hakikuweza kushika ulimi wake kama chako, ikalia nyumba nzima, kuku wakatoka.

Ijumaa iliyopita walikuja, sasa ni kumi na mmoja, na viatu miguuni. Waliniamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo, Bibi," mpaka ng'ombe akaitika zizini. Nilikuwa nimepika uji wa ulezi. Walitaka kuunywa wamesimama nje, nikakataa, wakaingia. Isack, ambaye sasa ni mwongoza wageni kama alivyotaka, alitangulia mbele. Loveness akafunga kengele kiunoni, akasubiri wengine wote wapite kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikasimama mlangoni nikaisikiliza ikipanda na mfongo, mpaka ukungu ukaichukua. Kisha nikalala, usingizi mzito, mpaka ng'ombe akachelewa kukamuliwa.

Unakumbukwa na mkeo Aikande, wanao Hilda, Ebenezeri na Elizabeth, wakwe zako, wajukuu zako wote saba, ambao wawili tayari wanaomba raba, Mzee Yoramu na ukoo wote wa wanywa maji ya mfongo, na wakimbiaji wako. Ibada ya shukrani itakuwa Jumapili usharikani kwetu, na baada yake karibuni nyumbani. Kila Julai yenye ukungu, na kila mwezi mwingine, hutatoka mioyoni mwetu.

Nanyi vijana wangu, najua mtalisoma tangazo hili. Msivue tena viatu kwenye uzio wangu. Kanyageni kwa nguvu, pigeni kengele, mkifika semeni. Moto nitauwasha mapema. Piteni tena.